Honi ya Lori la Maji

Leland Strunk alikuwa na ule uchovu usiotoka kwa kulala. Kwa miaka mingi alikuwa akipeleka maji kwa lori kwa watu wa jangwani nje ya mji wa Kingman, wasio na bomba wala kisima. Kila alipokaribia nyumba ya mteja alipiga honi mara mbili, ili mwenyewe atoke kufunua tangi. Magoti yake hayakutaka tena kushukashuka kugonga milango.

Siku ile ya Juni jua liliwaka hata kobe wakajifukia mchangani. Bi Ofelia Baca, mjane aishiye peke yake mlimani, tangi lake lilikuwa limekauka tangu jana. Feni yake ilipoza nyumba kwa kupuliza hewa kwenye pedi zilizoloweshwa maji. Bila maji, nyumba ile ya bati ilikuwa tanuri, na moyo wake ulikuwa mgonjwa. Akapiga simu.

"Leland, unakuja kuniletea maji au kunizika?"

"Nimefika kwenye kona, Bi Ofelia. Jiwekee kitambaa chenye maji kichwani."

"Nikiloweshe kwa mate?"

Kwenye kona, punda wa porini walikuwa wamesimama katikati ya barabara. Kushoto jabali, kulia korongo, na mtoto wa punda amejilaza kwenye lami. Leland akapiga honi mara mbili kuwafukuza.

Hakuna aliyekimbia. Masikio yalisimama, kisha wengine wakaanza kuteremka kutoka milimani wakilia kwa furaha. Kumbe kwao pia honi ile ilikuwa na maana moja tu: maji yamefika. Siku zote walilamba yaliyodondoka kutoka kwenye mpira wake wa kumiminia maji.

"Hao ni punda?" Bi Ofelia aliuliza kwenye simu. "Umewapigia honi, we mzee?"

"Mkono umezoea, mama."

"Mkono! Kichwa umekiacha wapi?"

Sauti ya Bi Ofelia ilikuwa inakatika kwa kuhema. Leland akarudisha lori nyuma polepole mpaka penye nafasi, kundi zima likimfuata kama wageni wa harusi. Akashuka akiguna, akafungulia maji kwenye shimo kando ya njia. Yalitoka mengi, na kila lita ilimuuma. Punda walipoinamisha vichwa, mtoto naye katikati yao, akafunga mpira, akapita taratibu.

Alimkuta Bi Ofelia ameketi mlangoni, uso mwekundu, midomo mikavu. Alimnywesha kwanza, kisha akajaza tangi. Feni ikanguruma, na baada ya muda upepo wa baridi ukatoka ndani.

Bi Ofelia akagonga ubavu wa tangi. "Halijajaa."

"Wengine wamekunywa sehemu yako."

"Basi kesho uniletee iliyobaki."

Leland alikuwa amepanga kesho alale. Akamtazama jinsi alivyokuwa akihema.

"Kesho," alisema, akakaa kwenye ngazi za mlangoni, kwa kuwa kupanda lori bado hakuweza.