Amin Niliyoitikia

Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine. Natafsiri filamu za nje. Nakaa kwenye kichumba kilichobandikwa magodoro ukutani, hapa Mbagala, naangalia picha kwenye kompyuta na kusema kwa Kiswahili kila anachosema mwigizaji, na mara nyingi hata asichosema. Watu wanakuja na flashi zao kuwekewa, wengine wanakwenda kuangalia kwenye kibanda umiza, sinema ya mtaani. Kama kuna kitu nimejifunza kwa miaka yote hiyo, ni kwamba hakuna filamu inayopendwa kama ya kisasi. Za mapenzi zina wateja wake, vichekesho vina sikukuu zake, lakini mtu aliyeuliwa ndugu yake akaapa kulipa, huyo anatazamwa masika na kiangazi.

Na mimi nilikuwa hodari wa viapo. Mwigizaji akinyamaza tu na kukaza macho, namjazia maneno: "Damu ya ndugu yangu haitakauka mpaka niione ya kwako." Kibandani watu wanagonga mabenchi. Hakuna anayeuliza kama mwenyewe alisema hivyo. Nilijiona msanii, na sijui kwa nini nasema nilijiona, maana hata leo nikisikia sauti yangu inatoka mahali huwa nasimama kuisikiliza.

Nyumbani tulikuwa watatu, mama, mimi na mdogo wangu. Baba alishafariki zamani. Mdogo wangu alikuwa mtu wa kupotea na kurudi. Anapotea mwezi, anarudi amekonda, mama anamkanda maji, anampikia, anamnyoa mwenyewe kwa wembe pale uani, na kijana anakaa wiki mbili mtulivu kama mkwe ukweni. Kisha kitu kinatoweka ndani ya nyumba naye anatoweka nacho. Mara ya mwisho ilitoweka maikrofoni yangu. Nilisema mbele ya mama, tena kwa sauti ileile ya filamu, "Kuanzia leo mie sina mdogo."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Chunga kinywa chako," alisema. "Maneno huumba."

Wiki ya pili yake, asubuhi kama saa nne, nilikuwa kazini na maikrofoni ya kuazima. Filamu yenyewe ilikuwa ya mtu anayerudi kijijini kwao kumlipia kisasi mdogo wake. Sijaitunga hiyo, laiti ningekuwa nimeitunga. Simu ikaita, namba nisiyoijua. Nikasimamisha picha.

"Braza, habari. Niko hapa sokoni," mtu akasema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi. "Kuna mshkaji wamemkamata, wanasema kaiba simu. Kanipa namba yako, anasema wewe kaka yake. Unamjua?"

Nilimsikia mdogo wangu. Sitadanganya katika hili. Katikati ya zile kelele nilimsikia akisema "kaka", mara moja, bila kupiga kelele, kama anavyoniita akitaka nimpishe mlangoni.

"Simjui," nikasema, nikakata.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilidhani watampeleka kituoni, alale ndani siku mbili, atie akili. Lakini mimi nimezaliwa Mbagala. Najua kelele za namna ile zinaishia wapi. Nilichokuwa nacho ni hasira ya maikrofoni. Nikabonyeza picha iendelee, nikaapa kwa damu ya mdogo wangu, nikaapa vizuri kuliko siku zote.

Saa sita walikuja kuniita.

Katika filamu ninazotafsiri adui ana sura. Ana kovu, ana nyumba kubwa, ana kicheko chake cha peke yake. Dakika ya tisini anajulikana alipo. Mdogo wangu hakuuliwa na mtu, aliuliwa na mtaa. Na mtaa ulikuja msibani. Waliokuja kuchimba kaburi walitoka sokoni. Waliobeba jeneza walipokezana wakigombania thawabu, na mimi natazama mikono tu. Akina mama walileta sukari na unga, wakamkumbatia mama, wakalia naye kweli, maana waume zao walikuwa hawajawaambia. Kituoni waliandika maelezo, lakini kila aliyeulizwa alikuwa amefika wakati mambo yameshakwisha. Hakuna aliyekuwepo. Mdogo wangu alipigwa na watu ambao hawakuwepo.

Ile filamu ilitoka wiki hiyohiyo ya msiba, ikapendwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Kibanda umiza kipo nyuma ya nyumba yetu, ukuta wake ni bati. Jioni moja nilirudi nikamkuta mama amesimama uani, ameweka kiganja kwenye lile bati, analia.

"Nimekusikia, mwanangu," aliniambia. "Umemsemea mdogo wako. Na wanakusikia haohao waliomuua. Mungu akubarikie kinywa chako."

Hapo ndipo ningesema, kama ningekuwa mtu wa kusema. Lakini maneno yangu yalikuwa yameniisha, nilibaki na ya kutafsiri tu.

Ni sauti yangu ile iliyomtia mama wazo. Arobaini ilipopita alisema anataka isomwe albadiri. Asiyetoka kwetu pwani pengine anaisikia kwa jina tu. Ni kisomo cha mtu aliyedhulumiwa na hamjui aliyemdhulumu, au anamjua na hamuwezi. Inasomwa dua, nyumba nzima inaitikia amin, na aliyetenda anaachiwa Mungu. Watu wanaiogopa kuliko polisi. Mtu akitangaza tu kwamba atasoma, kuku aliyeibwa anarudishwa usiku huohuo.

Shehe aliyeitwa hakuipenda. Alikuwa mzee mpole aliyemfundisha mama kusoma msahafu. Nilimpa shikamoo, akaniitikia huku amemkazia macho mama.

"Mama, dini imempa mwenye damu haki yake," alisema. "Imempa pia nafasi ya kusamehe, na ndiyo yenye ujira mkubwa. Na hii ina makali kuwili. Yeyote mwenye mkono wake katika jambo hili, awe mbali awe karibu, hachaguliwi. Ikimkosa mkosaji huko nje humtafuta ndani."

"Ndani hakuna mkosaji," mama alisema. "Ndani tupo mimi na mwanangu. Isome, shehe. Ujira nitautafuta kwingine."

Ikasomwa Ijumaa baada ya alasiri, sebuleni, watu saba na ubani. Mama alikaa nyuma ya pazia mlangoni, mimi nimekaa karibu na pazia hilo. Shehe alisoma taratibu. Kila alipotua, sote tuliitikia. Aliyempiga: amin. Aliyeshika mti: amin. Aliyeshangilia. Aliyetazama akanyamaza. Mimi niliitikia kwa midomo tu, bila sauti, nikidhani nimepata ujanja wa kumkwepa Mungu. Mkono wa mama ulitoka chini ya pazia ukanigusa goti.

"Kwa nguvu, baba," alininong'oneza. "Wewe ndiye mwenye sauti."

Shehe akasema: na aliyeweza kumnusuru asimnusuru. Nikaitikia amin kwa nguvu, hata wale saba wakageuka kunitazama. Wahenga wanasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Miaka yote nimeurusha mkuki ule kwa midomo ya watu wengine, watu wakagonga mabenchi, na siku hiyo ulipokuja kwangu nilijirushia mwenyewe nikajiitikia.

Baada ya hapo mama alianza kuhesabu. Fundi cherehani wa jirani alianguka bafuni akavunjika nyonga, mama akasema, "Imeanza." Muuza chipsi wa kona akapooza upande mmoja, mama akapika maandazi asubuhi ile, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba. Alikuwa anakaa barazani anawatazama wapita njia, anawapima kama anayechagua samaki. Nilimwogopa. Mama yangu aliyekuwa akisikia mtoto wa mtu ana homa anapeleka limau, sasa akisikia homa anauliza, "Ya nani?" Mimi ndiye niliyemfundisha, mimi na filamu zangu. Nami nilikuwa najipima kila asubuhi. Nikikohoa, nahisi ndiyo. Nikiumwa kichwa, ndiyo. Sikuumwa. Nilinenepa, na kazi ikazidi kuja, na kila aliyekuja alitaka ya kisasi.

Kisha akaja yule mtu wa simu.

Mchana huo nilikuwa chumbani kwangu na kompyuta, pazia limeshushwa. Nilisikia hodi, nikasikia mama anakaribisha. Sauti niliitambua kabla hajamaliza salamu. Nilikuwa nimeisikia mara moja tu katika maisha yangu, lakini sauti ndiyo kazi yangu.

"Mama, mie nauza makava ya simu pale sokoni," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya mwanangu. Siku ya nane leo homa haishuki, hospitali tumeenda mara mbili. Mke wangu kaniambia kama kuna kitu najua nikaseme. Mama, siku ile nilikuwepo. Ila wallahi sikumgusa mwanao."

"Ulifanya nini?" mama aliuliza.

"Aliniomba nimpigie kaka yake. Wale jamaa wakasema haya, piga, kama ana ndugu aje. Wakasubiri, mama. Walisubiri kabisa. Nikampigia, nikamwambia."

Nilikuwa nimeshika kipanya cha kompyuta na sikuweza kukiachia.

"Kaka yake alisemaje?"

"Alisema simjui."

"Neno hilohilo?"

"Hilohilo, mama. Nilikuwa nimeweka spika. Wote wakasikia. Na yeye akasikia."

Hilo la spika sikulijua. Mpaka leo, katika yote, hilo ndilo linaloniamsha.

Mama hakupiga kelele, wala hakuniita. Nilimsikia anavuta kiti. "Mwanao ana umri gani?" aliuliza. Mtu yule akasema miaka mitatu. "Nenda kamkande maji ya uvuguvugu, sio ya baridi. Wewe huna deni na mimi. Nenda." Akamsindikiza mpaka nje, kama anavyosindikizwa mgeni.

Jioni alinipakulia wali na mchicha, akauweka mezani, akaondoka. Nilikula, Mungu anisamehe, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu. Nilingoja aseme. Nilijiandaa kwa laana ya mama, ambayo kwetu ni kubwa kuliko kisomo chochote, na naweza kusema niliitamani. Laana ingekuwa mwisho. Alisali, akalala, mlango wake ukiwa wazi kama siku zote.

Asubuhi alivaa buibui lake la kutokea, akaenda bila kuaga. Alirudi adhuhuri imekaribia, miguu ina vumbi, maana alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya uani. Nyuma ya bati kibanda kilikuwa kimeshafunguliwa, na sauti yangu ilikuwa inaapa huko, na kwa mara ya kwanza nilitamani mtu aizime. Nilimpigia magoti. Nilisema, "Mama."

Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akaanza kujifuta miguu kwa pindo la kanga. Hakunitazama.

"Nimetoka kwa shehe," alisema. "Nimemwambia aiondoe ile dua. Nimesamehe wote, waliompiga, walioshika miti, walioshangilia, na aliyeweza kumnusuru. Shehe kaniuliza kwa nini, mtu mwenye damu yake, haki yake. Nikamwambia nimebakiwa na mmoja."

Akamaliza mguu mmoja, akashika wa pili.

"Wewe ulipigiwa simu ukasema humjui. Basi na mie leo nimekwenda kusema hivyohivyo, kwamba mdogo wako simjui, nikupate wewe. Inuka. Hana tena mtu."