Yaya anataka mizizi ya shamba la mama

Admin, jina langu ulifiche, bibi yangu wa ndoa iko humu kwenye page na anapenda commentaires kuliko chakula. Niko mwanaume wa miaka 46, chauffeur wa camion hapa Butembo. Kampala, Mombasa, nimelala kote. Kasindi pale mpakani, kwenye douane, bananiita patron, hata kama camion ni ya wenyewe. Mais kwa hii kesi ya yaya yangu, kaka yangu mukubwa, akili yangu yote imekwama kwenye matope.

Baba alituachia kilima cha quinquina, ile miti ambayo maganda yake banatengeneza nayo dawa ya malaria. Alikuwa na sheria moja: unakata muti kwa urefu wa goti, unatoa maganda, kisiki unakiacha kichipuke, mutoto wako naye atakuja kukata. Alipokufa, yaya alishika kilima kwa ajili yetu sisi wote, maana ndiye mukubwa. Na mwanzoni alikuwa mutu kabisa. Alitaka mama alale chini ya manjanja ya bati, si chini ya majani. Alitaka miye nimalize masomo. Ni masomo ndiyo ilinikataa.

Vita ya pili ya Congo ilipoingia, bei ya maganda ikapanda. Yaya akasikia kwamba ganda la mizizi ndilo lenye nguvu kupita. Akaanza kung'oa. Kilima chetu kilipoisha, akatupa macho kwa jirani yetu, mujane aliyekuwa amekimbilia porini na batoto. Akaenda na basoda, baaskari ba vita, bakang'oa yote. Nikamuuliza yaya, yule mujane akirudi atakula nini. Akaniambia niendeshe gari, mambo ya bakubwa niachie bakubwa.

Ile mwaka niliacha shule, mwalimu wa French alikuwa anatusomea théâtre za bafalme: banataka kiti, bakikipata banataka na cha jirani, mwisho banakufa bila hata godoro. Alisema hakuna adui anayebaangusha, ni mukono yabo wenyewe. Darasa nzima tulicheka. Kumbe mfalme wetu alikuwa anakula sombe na sisi kila magaribi.

Commandant wa bale basoda, aliyemusaidia kwa mujane, ndiye alikuja kumunyang'anya stock yote. Alimupiga mbele ya mama, akamufukuza. Yaya akakimbilia Beni. Kilima kilikuwa hakina tena muzizi wa kukishika. Mvua ikakishusha mpaka bondeni. Kaburi ya baba, iliyokuwa pale juu, mpaka leo hatujui iko wapi.

Sasa mauaji ya Beni imemurudisha kwangu, yeye na bibi yake na batoto bake, sandale ya kushoto haijuani na ya kuume. Nimemupa chumba, nimemuchekesha mpaka akalia. Moyo wangu ni mukubwa, hata maadui bananisifu. Mais mama alibakia na kashamba kadogo ka quinquina, alikapanda na mikono yake, ndiko kanamulisha na kumupatia pesa ya dawa ya tension, ile presha. Sasa mama anataka kumupa yaya hako kashamba.

Juzi nilimukuta yaya humo, amepiga magoti, anafukua udongo chini ya muti.

"Yaya, unatafuta nini huko chini?"

"Naangalia mizizi imefika wapi, mudogo wangu. Hivi mama anavyokata kidogo kidogo, ni kupoteza."

Nikaenda mbio kumuambia mama. Alikuwa anachambua maharagi, hata hakuinua kichwa.

"Ninajua. Mais ni mutoto wangu wa kwanza. Nikimunyima miye niliyemuzaa, nani kwenye hii vita atamupa?"

Jumapili baada ya misa mama ataita bazee ba famille, amukabidhi shamba mbele yabo. Kwetu neno likishasemwa mbele ya bazee halirudi. Bataniuliza kama niko na la kusema. Nikikataa, yaya ameapa atarudisha batoto bake kule Beni kwenye mapanga. Nikinyamaza, mama atamalizia uzee wake akiomba chumvi kwa majirani. Nyinyi wenye mama na yaya, muko bengi humu: hiyo Jumapili nifungue kinywa, ao nikifunge?