Vibaraza Vilivyoungana

Juzi mvua ilinikuta katikati ya mji wa Mbinga nikiwa na gunia la kahawa. Harufu ya kahawa mbichi ikilowa ikanirudisha utotoni, mtaa uleule.

Nyumba zilikuwa za matofali ya kuchoma, vibaraza vimeungana, nguzo kumi na nne. Nilizihesabu mara mbili. Mvua ikianza, bibi yangu alikokota mkeka wa kahawa aliyoanika hadi kwenye kibaraza kilicho karibu, cha yeyote yule. Fundi cherehani alimtania:

"Mke wangu, kahawa ikishaingia kwangu ni yangu!"

"Basi nalala nayo hapahapa. Na mimi nakoroma!"

Fundi alicheka, akasogeza cherehani.

Juzi nilikimbilia palepale. Nguzo wamevunja zote. Kila mwenye nyumba amepanua duka, vioo mpaka barabarani, bila hata upenu wa kuku. Mlinzi wa duka moja akanizuia mlangoni.

"Mzee, wanaingia wateja tu."

"Gunia linalowa, mwanangu!"

"Miamvuli tunauza."

Akanitajia bei. Nikamwambia apunguze, akakataa. Tukaendelea kuvutana pale mlangoni, gunia likinywa maji.