Kurasa Safi za Ng'ambo ya Mto

Alhamisi, tarehe 6 mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikakatika jua lilipotoka. Kwenye kipima-mvua changu nimekuta milimita kumi na nane. Mawingu bado yamelala upande wa Kailo.

Mademuazeli Espérance, mwanafunzi anayesomea udaktari wa misitu, ameniomba niandike jinsi kazi yetu ya kuchunguza miti ya msituni ilivyofanywa zamani, ili vijana watakaoachiwa ile miti wajue. Atakuja leo saa kumi alasiri kuchukua daftari hili, na kesho anapanda ndege kwenda kuwasomea maprofesa wake alichokipata. Mimi nilifika darasa la sita tu, na sijui kama mtu wa darasa la sita anaweza kuwaandikia watu wa chuo kikuu. Lakini si hilo linalonisumbua. Ndani ya rejista za miti alizozinakili kuna kurasa za uongo, na aliyeziandika ni mimi. Tangu alipofika Kindu nimetafuta nafasi ya kumwambia, sikuipata. Au niseme ukweli: sikuitaka. Basi nitaandika kwa mpangilio, na ni lazima nifike kwenye jambo lenyewe kabla ya saa kumi.

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa viatu vya kaka yangu, vikanibana mpaka nikavivua kwenye mtumbwi. Stasyo yetu, kituo cha utafiti wa misitu, ilikuwa upande wa mjini, lakini miti yake ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka ukingoni. Mkuu wake, Chefu wa Stasyo, mzee mrefu mwenyeji wa Tunda asiyepandisha sauti hata akikasirika, alinipeleka mwenyewe. Kila mti ulikuwa umepigiliwa kibati chenye namba. Arobaini kati ya hiyo ilikuwa limbali, ule mti mkubwa unaoota wenyewe kwa wenyewe na kuufanya msitu uwe giza mchana. Akanivisha shingoni jumeli, ile darubini ya macho mawili.

"Unaona nini?"

"Majani, Bwana Chefu."

"Majani gani?"

"Ya kijani, Bwana Chefu."

Mwenye mtumbwi, aliyetufuata kwa kukosa kazi, alicheka mpaka akashika mti. Chefu hakucheka. "Usiangalie juu kama muntu anayemutafuta Mungu," akaniambia. "Angalia tawi moja, halafu lingine."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila baada ya siku kumi na tano unapita chini ya kila mti, unaangalia kichwa chake, unaandika: maua, matunda, majani machanga. Kama robo ya kichwa ina matunda, unaandika moja; nusu, mbili; robo tatu, tatu; kichwa kizima, nne. Kama hakuna kitu, sufuri. Na kama hukufika, au ukungu ulikuzuia, unaweka kistari. "Sufuri ni kitu umeona," Chefu alisema. "Umeona kwamba hakuna. Kistari ni kusema mimi sikuona. Usivichanganye hata siku moja." Asubuhi saa moja tulikuwa tunasoma pia kipima-mvua, kwa sababu alisema mti hautoi maua kwa kupenda, unafuata mvua na baridi ya usiku, na vikibadilika hivyo viwili, mti utakuwa wa kwanza kutuonyesha.

Katika ujana wangu niliona limbali zote zinazaa pamoja mara mbili tu. Maganda yanapasuka juani kwa mlio kama bunduki, mbegu pana kama kiganja zinaanguka, nguruwe wa porini wanakuja makundi kwa makundi, na akina mama wanaziokota, wanazichemsha na kuzitwanga. Miaka hiyo niliandika nne mpaka mkono ukachoka, na kila nne niliiona kwa macho haya.

Chefu alistaafu kabla ya vita. Akaja mwingine, tuliyemwita Chefu wa Muda, mtu wa Kalima aliyewahi kuwa karani wa stoo kwenye migodi. Watu wanamsema vibaya mpaka leo kwamba alikuwa mwoga. Alikuwa mwoga, ndiyo, na mimi pia nilikuwa mwoga. Lakini vita vilipoingia mjini, yeye ndiye aliyehamishia kitanda chake ofisini ili rejista zisichomwe kama kuni. Hilo pia liandikwe.

Mto ulifungwa. Mjini kulikuwa na askari, msituni kulikuwa na watu wengine wenye silaha, na aliyevuka aliulizwa mara mbili, na wale aliowaacha na wale aliowakuta. Wengine waliulizwa mara moja tu, hawakurudi. Chefu wa Muda aliniambia nihamishie kipima-mvua kwangu, uani. Nilikisoma kila asubuhi, na siku za risasi niliweka kistari. Karatasi zilipokwisha niliandika ndani ya makatoni ya sigara. Ni machafu, yana matone ya mawese, yamejaa vistari.

Kwa upande wa miti niliweka vistari miezi mitatu. Chefu wa Muda akaniita.

"Ramazani, hii rejista iko inasema nini?"

"Inasema sikuvuka, Chefu."

"Hapana. Inasema stasyo imekufa. Na nyumba ya mufu inachukuliwa. Wale askari watalala humu, hizi karatasi zote watapikia." Akanyoosha kidole kwenye kabati, miaka yote ya kazi yetu na ya waliotutangulia. "Hii miti unaijua kama watoto wako. Andika vile ilikuwa mwaka jana."

Nikaandika. Niliandikia mezani, kwa kalamu nzuri, bila tope, bila siafu, bila mvua mgongoni. Kila siku kumi na tano, mti kwa mti, tarehe hazirukwi. Sijawahi kuandika kurasa safi kama zile.

Kamanda wa askari wa mjini alikuja baada ya swala ya Ijumaa, na askari wanne, anataka nyumba ya stasyo. Alikuwa kijana mwenye miwani, na inaonekana alisoma, kwa sababu hakupindua kurasa tu; alisoma mstari kwa mstari, kidole kikishuka polepole. Chefu wa Muda alikuwa amemwekea rejista mbele kwa furaha: "Munaona, Kamanda, kazi inaendelea. Ni ya serikali yoyote itakayokuwa."

Kidole kikasimama.

"Ni nani anaandika hii?"

"Mimi, Kamanda."

"Hapa wameandika ng'ambo. Tarehe moja, ng'ambo. Tarehe kumi na tano, ng'ambo. Kila mara ng'ambo." Akavua miwani. "Mutu wangu hata mumoja hajavuka na kurudi. Wewe unavuka kila siku kumi na tano. Wale wa kule wanakupokea na chai?"

Askari walicheka. Nikisema nilivuka, mimi ni mpelelezi wa wale. Nikisema sikuvuka, rejista ni uongo, stasyo imekufa, nyumba inakwenda na kabati linakwenda.

Chefu wa Muda akasema haraka: "Havuki, Kamanda! Anaangalia kutoka ukingoni. Na jumeli."

"Ni kweli, muzee?"

Sikuwa mzee wakati ule. "Ni kweli, Kamanda."

"Twende unionyeshe."

Tulishuka mpaka mtoni, askari wawili nyuma yangu. Mto ulikuwa umejaa, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Niliinua jumeli. Miti yangu ilikuwa mbali kule ndani. Kutoka pale hakuna jicho linaloweza kuifikia. Niliona ukuta wa kijani tu.

"Ile mikubwa ni miti gani?"

"Limbali, Kamanda."

"Iko inafanya nini?"

Mpaka leo sijui kwa nini sikusema hakuna kitu. Nadhani niliona kwamba mtu anayeona kweli lazima aone kitu. Nikasema: "Iko inazaa, Kamanda. Yote. Inazaa sana."

"Inakulika?"

"Wakati wa shida, Kamanda."

"Basi wale wa kule watakula vizuri kuliko sisi," akasema, na askari wakacheka tena. Akanivua jumeli shingoni, akazivaa yeye, akaondoka nazo. Nyumba hakuichukua. Hakunipiga, na askari wake walioomba ndoo ya maji waliirudisha. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jioni ile Chefu wa Muda aliniambia: "Ulichosema, kiandike. Akirudi asome kilekile." Nikaandika nne, miti arobaini. Na kwa kuwa limbali haizai siku moja ikakoma, niliendelea na tatu, halafu mbili, halafu moja, miezi kadhaa, kama inavyokuwa kweli.

Amani iliporudi nilivuka. Vibati vingi vilikuwa vimeng'olewa, lakini miti ilikuwa imesimama, na niliijua bila namba. Niliwauliza akina mama wa kule kama limbali ilizaa mwaka ule. Mmoja alisema ndiyo, mwingine alisema hapana, wa tatu aliniambia: "Baba, sisi tulikuwa tunakimbia, ni nani alikuwa anaangalia juu?" Ningeweza kurekebisha wakati ule. Chefu wa Muda alikuwa ameshahamishwa, hakuna aliyenizuia. Niliona aibu, nikajiambia hakuna atakayesoma. Nilifanya kazi mpaka nikastaafu, kila namba ya kweli, na nilifikiri namba za kweli zitazifunika zile za uongo.

Sasa Espérance amesoma. Ameniambia, macho yanang'aa, kwamba tangu ule uzao mkubwa wa wakati wa vita limbali hazijazaa pamoja tena, kwa sababu usiku wa siku hizi hauna baridi ya zamani, na wanyama wanaoishi kwa mbegu zile wanakosa. Mwaka ule wa vita ndio kigezo chake. Na makatoni ya mvua ameyatupa nje ya hesabu: "Papa, zile ni chafu sana, na mvua inaonekana kidogo mno. Lakini miti ya vita iliandikwa vizuri ajabu."

Nasikia pikipiki yake. Nitampa daftari asome mwenyewe, kwa sababu mdomo wangu naujua, hautalisema.

Naongeza haya baada ya Magharibi.

Alisoma amesimama. Alipofika sehemu ya mtoni akakaa.

"Papa Ramazani, huu ukurasa ndio musingi wa kazi yangu yote."

"Najua, mwanangu."

"Miezi mitatu ninakuja hapa. Ninakunywa chai yako. Kwa nini haukuniambia siku ya kwanza?"

"Niliogopa utatupa zote, na za kweli pia."

"Sasa nitajuaje za kweli ni zipi?"

Nilimwambia za mvua ni za kweli. "Zile chafu?" "Zile chafu." Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kusema, nikasema na hili: kipima-mvua kilikuwa hatua sita tu kutoka ukutani, na mvua ya upepo pengine ilipotea, asiseme namba zile hazina kasoro. Alichukua utepe wake wa kupimia akapima mwenyewe, bila kuniomba nishike ncha. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kumpigia profesa simu.

Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, amesikia yote. "Umemuharibia mutoto wa watu kazi."

"Nilimharibia zamani, hata hajazaliwa. Leo nimesema tu."

"Ungenyamaza, angeenda na ndege yake."

"Na angesimama mbele ya watu aseme nilichokiona mimi kwa uoga."

Mama Zuhura aliendelea kutwanga. Najua hakukubali, na sina hakika kama mimi ningekubali kama ningekuwa yeye.

Espérance alirudi macho mekundu. Profesa amemwambia asisafiri kesho. Akaniwekea nakala za rejista juu ya mkeka, pamoja na kalamu ya biki nyekundu. "Zungushia mwenyewe, Papa. Kila namba ambayo macho yako hayakuona. Usiniachie hata moja." Nilizungushia mpaka mwanga ulipoanza kupungua, na ile miti arobaini niliizungushia mmoja mmoja, sikufanya duara moja kubwa kwa haraka. Chini yake akaandika kwa mkono wake: kwa miaka hii hatujui. Akaniambia nisaini, nikasaini.

Nilidhani mtu akistaafu kazi inabaki nyuma yake kama shamba aliloliuza. Naona haibaki nyuma, watu wengine wanaendelea kujenga juu yake. Vijana watakaosoma haya, siwezi kuwaambia kwamba ningesema vingine pale mtoni. Kabati lingeungua. Lakini jioni ileile ningeweza kuandika pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba sikuona, na karatasi ile nikaificha mahali. Hilo nililiweza, sikulifanya.

Usiku huu tumekula wali wa mchele wa Kailo, sombe ya mawese, na samaki mkavu. Espérance alikula pamoja nasi. Aliomba aongezewe sombe, na alizungumza na mke wangu tu.