Swali la Mlangoni

Wale wageni wa misheni niliwachukia tangu asubuhi ya kwanza, na sioni sababu ya kuficha. Walikuja Kayole, mtaa wetu wa Nairobi, na fulana zao za manjano, chupa za maji na dawa ya mikono ikining'inia kwenye mabegi, wakatuimbia uani mwa kanisa letu utadhani hatujawahi kusikia habari za Yesu. Mchungaji alinifanya mkalimani wao kwa sababu nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi. Ningekataa. Mama ndiye aliyeniambia kwamba kuwahudumia wageni ni kumhudumia Mungu, na mwaka huo mama nilikuwa simkatalii kitu.

Alikuwa mgonjwa wa moyo. Daktari alitueleza ukweli wote, tumeketi benchi moja yeye na mimi, lakini nyumbani hatukuutaja. Tulikuwa wawili tu mle ndani, na tulisema "uchovu". Kwetu magharibi mwa Kenya mtoto hamtajii mzazi kifo chake usoni. Ukifanya hivyo ni kama umemtakia. Hata siku niliyomkuta akikunja nguo zake nzuri na kuziweka kando, nilimuuliza tu kama nimpikie uji.

Kazi ya misheni ilikuwa ile ile kila siku. Ibada, picha, kisha ngazi. Tulipanda ghorofa moja baada ya nyingine, tukiinama chini ya nguo zilizoanikwa, tukiwapisha wanawake wenye mitungi ya maji, tukabisha kila mlango. Kiongozi wao, mama mrefu aliyekuwa mwalimu huko kwao, alikuwa na swali moja alilolibeba kutoka ng'ambo: ukifa usiku huu, unajua utaenda wapi? Nililitafsiri mlango kwa mlango. Watu walikuwa wanapika, wanafua, wengine ndio wametoka zamu kiwandani na usingizi umewajaa machoni.

Na vyakula vya watu hawakuvigusa. Walikuwa na amri yao, wasile wala kunywa chochote nyumbani mwa mtu. Mwanamke anakimbia dukani kununua maziwa, anachemsha chai, wao wanamsifu kwa ukarimu wake huku kikombe kinapoa. Wao walishuka ngazi wakicheka. Mimi ndiye niliyekutana na huyo mwanamke kesho yake pale kwenye mfereji, tukichota maji.

Alasiri moja tulifika ploti yetu, kwenye ghorofa tunayoishi. Jirani, kijana aliyekuwa amelala, alifungua mlango, akasikiliza swali, kisha akanitazama mimi, si yule mgeni.

"Yaani tumekua pamoja kwa hii ploti, alafu unakuja kuniuliza mambo ya kukufa?"

Mgeni akataka kujua amesema nini. Nikamwambia bado anafikiria. Akatabasamu, akamwombea, akasogea mlango unaofuata. Ulikuwa wetu.

Nilimwambia hapa ni nyumbani, mama yangu aliokoka kabla sijazaliwa, twende juu. Nilidhani yataishia hapo. Badala yake alishika kifua kwa furaha, akasema hawezi kupita bila kumsalimia mama wa mkalimani wake.

Mama alifungua akiwa amejifunga kitambaa chake cheupe cha kina mama wa kanisa. Akatukaribisha, akaketi polepole akishikilia kiti. Mgeni alimshukuru kwa kunizaa. Kisha, kwa tabasamu lile lile alilowapa wote, akamuuliza lile swali kwa Kiingereza, akanigeukia.

"Anauliza kama umeshinda salama," nikasema.

Mama akatikisa kichwa. Kuta zetu ni nyembamba. Kila kitu cha kwa jirani alikuwa amekisikia.

"Tafsiri vile amesema."

"Sitaki, mama."

"Majirani wote umewauliza. Na mimi niulize."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mwanamke, amekaa kwenye kochi letu na mikono yake iliyopakwa dawa, akingoja. Alikuwa ananitoa kinywani neno ambalo mimi na mama tulikuwa tumelizunguka miezi mizima. Nikainamisha kichwa, nikamuuliza mama yangu kama anajua atakakoenda akifa usiku huu.

Alivuta pumzi, ile pumzi yake fupi ya siku hizo.

"Mimi najua naenda wapi," akasema. "Hiyo nilimaliza kitambo. Ni wewe sijui nakuacha na nani."

Nikapiga magoti pale sakafuni, nikaweka kichwa mapajani mwake, nikalia. Mkono wake ukanishika kichwani, nao ulikuwa baridi.

Nyuma yangu nilisikia mgeni akisogea mbele, sauti yake imejaa matumaini. Amesema nini? Amesema nini?

"Hayakuhusu," nikamwambia kwa lugha yake.