Lugha Niliyomchagulia Baba

Baba alipoanza kudondosha kikombe cha chai kila asubuhi, nilisema ni uzee. Alipoanguka shambani kule Muthetheni na jembe mkononi, nikaacha ujuaji wangu. Picha aliyopigwa Nairobi ilionyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, umejibanza karibu na sehemu inayohusika na kuongea.

Daktari alitueleza taratibu. Kabla ya upasuaji, Baba angelala ndani ya mashine kubwa ya sumaku, aonyeshwe vitu, avitaje kimoyomoyo. Mashine ingeonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi anapotafuta maneno, ili siku yenyewe kisu kizikwepe.

"Nyumbani anaongea lugha gani?" akauliza.

Nilijibu kabla Baba hajafungua mdomo. "Kiswahili anajua vizuri, daktari."

Sikudanganya. Baba alikuwa amefanya kazi kiwandani Athi River miaka mingi. Lakini kwetu, kwa daktari mtu huenda na koti la kanisani na Kiswahili. Kikamba huachwa nyumbani pamoja na ndara. Nami, karani wa ofisi mjini Machakos, niliona haya kumwambia msomi yule kwamba baba yangu ni mtu wa Kikamba.

Baba alinigeukia. "Lakini mimi nikifikiria, nafikiria na Kikamba. Hata nikiomba."

"Baba, tusimsumbue daktari. Si uko na Kiswahili?"

"Niko nayo," akasema. Akaniachia, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Akapimwa kwa Kiswahili peke yake. Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe ulitoka, mkono ukapata nguvu. Siku ya nne aliomba chai, nami nikalia kwa furaha. Ilinichukua wiki nzima kugundua kwamba haongei ila Kiswahili. Kikamba alikielewa chote, ila akijaribu kukitamka midomo ilihangaika bure, machozi yakamlengalenga.

Daktari alisema huenda kingerudi. Akasema pia kwamba hata kama lugha zote mbili zingepimwa, hakuna mwenye hakika. Alikuwa muungwana. Mimi sijawahi kujisamehe kiasi hicho. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo alizaliwa palepale hospitalini, nami ndiye mama yake.

Nyumbani alikuwepo Susu, ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake Baba. Susu hakujua Kiswahili hata cha kununulia chumvi. Kila jioni, tangu Baba astaafu, walikaa wawili jikoni wakiongea habari za ng'ombe na za watu waliokufa zamani, wakicheka mambo ambayo sisi wengine hatukuyaelewa. Macho ya Susu yalikuwa yameshaisha nguvu. Sauti ya mwanawe ndiyo iliyokuwa imembakia.

Siku tuliyomrudisha Baba, Susu alikuwa ameketi mlangoni akingoja. Baba akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili. Nilimwona akilitafuta lile neno "Mwaitu", alilomwita mama yake tangu utotoni. Alilitafuta mpaka jasho likamtoka. Halikuja.

"Mama," akasema mwishowe, "nimerudi. Niko sawa."

Susu alimpapasa uso, akapapasa na kovu. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kikamba mwanawe anasema nini.

Nikamtafsiria.