Spika Mbili za Nyuma

Nimewahi kumwonea wivu mke wangu, na si kwa sababu ya mwanamume mwingine. Ilikuwa kwa sababu ya baba yangu mzazi.

Nikiwa mtoto kule Ngonga, redio ya baba ilikuwa mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyeanika betri juani zikichoka, mimi ndiye niliyevuta waya wa antena mpaka juu ya mchikichi ili taarifa ya habari isikike. Baba alikuwa mtu wa mpunga na kakao, asiyesifu watu ovyo, lakini mbele ya wageni aliniita "fundi wangu". Jina hilo sijapewa na mtu mwingine, na wala sikulitaka kwa mwingine.

Mwaka juzi macho yake yalipofifia, alikuja kukaa kwetu Kyela mjini wiki tatu ili ahudhurie kliniki. Masikio hayakuwa na kasoro. Naye ni mtu wa mila: yeye na mke wangu hawaonani uso kwa uso. Mkwe akisikia kikohozi cha baba mkwe koridoni, anajibanza jikoni mpaka apite. Wakiwa na neno la kuambiana, linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama wanasikiana vizuri kabisa. Lililosikika ukutani huhesabiwa halijasemwa mpaka mjumbe alifikishe. Mjumbe nilikuwa mimi.

Baba anapenda mpira, lakini kwenye televisheni sasa aliona ukungu tu, na mechi hazipo kila siku. Nikaamua kuunganisha mashine yangu ya gemu na zile spika tano na sabufa nilizonunua kwa mtu aliyehama. Mimi nicheze mpira wa kwenye gemu, yeye aketi katikati ya sebule, asikie uwanja mzima. Kusema kweli, nilitaka kuitwa fundi tena.

Nilichomeka waya wa gemu kwenye televisheni. Picha ikaja, ila sauti ilitoka kwenye televisheni peke yake, nyembamba, ya kusikitisha. Nikachomoa, nikachomeka upya. Baba alisubiri kitini.

"Baba watoto," mke wangu akaita kutoka koridoni, nyuma ya ukuta. "Televisheni umeiunganisha na mashine ya spika? Kuna waya mwembamba, ncha yake inatoa mwanga mwekundu."

Yeye amekulia Katumba Songwe, na kwao walikuwa na kibanda cha kuonyeshea mpira. Nyaya kwake si kitu. Nilijua hilo, ndiyo maana sikumuuliza.

Nikauchomeka ule waya. Spika za mbele zikanguruma, baba akatabasamu.

"Mkwe anajua," akasema.

"Hata mimi nilikuwa naelekea hukohuko, baba."

"Za nyuma zimelala," sauti ikaja tena. Spika mbili za nyuma nilikuwa nimezitundika kwenye ukuta uleule uliomficha mke wangu, na bila shaka alikuwa ameutegea sikio. "Gemu inatoa sauti ya spika mbili tu. Ingia kwenye mipangilio yake, upande wa sauti, uchague tano."

Nilijifanya sikusikia. Nikainuka, nikazitikisa zile spika, nikakaza nyaya, nikapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Mwenye wivu ajinyonge, watu husema. Mimi nilikuwa nakaza nyaya.

Baba akakohoa kidogo. "Mwanangu, mimi sijasikia kitu ukutani. Lakini kama ningesikia, ningeingia kwenye mipangilio."

Nikaingia, nikachagua tano. Uwanja ukamzunguka. Baba alishika mikono ya kiti, akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, kisha akacheka kwa sauti.

"Watu wako mgongoni kwangu! Wako mgongoni!" Alipotulia akanigusa goti. "Nenda ukamwambie fundi, ndaga fijo."

Fundi. Nikatoka na neno hilo hadi koridoni. Mke wangu alikuwa amesimama palepale, anafuta mikono kwenye khanga, ananitazama. Alikuwa amesikia kila kitu, lakini alingoja nimletee. Ndaga fijo, yaani asante sana: maneno mawili tu, shukrani ambayo kwetu hata mtoto huitoa akipewa ndizi. Roho iliniuma.

"Anataka maji ya kuoga," nikamwambia kwa sauti ya chini.

Alinitazama kidogo zaidi, kisha akaenda kuyapasha.

Wiki mbili zilizobaki niliogopa kukaa naye peke yetu. Jioni gemu ilipowashwa alikuja kusimama koridoni kusikiliza kama spika za nyuma zimeamka, halafu akarudi kwenye sufuria zake.

Siku ya kuondoka, baba alisimama mlangoni na fimbo yake. Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, ambao aliuacha wazi kidogo.

"Ile shukrani," baba akaniuliza, "ulimfikishia?"

"Nilimfikishia, baba."

Nilisubiri aniumbue, maana ilikuwa haki yake.

"Baba watoto," akasema, "mwambie baba ilinifikia."

Nikamgeukia baba, ambaye alikuwa ameshasikia, nikamwambia, "Baba, anasema ilimfikia."